Mdoli Asiye na Miguu

Nyale wa Mayungu hakuwa mtu wa kuamini kitu, na ukitaka kumuudhi mwambie "niamini." Maji ya kunywa aliyanusa kwanza, hata kama mkewe Sidi ameyateka mbele ya macho yake. Mlango akishaufunga aliurudia, akausukuma kwa bega, akaenda hatua tatu, akarudi tena. Barua ikija kutoka shuleni ilisomwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, ili aone kama maneno yao yatalingana. Sidi alishachoka kusema. "Mume wangu akifika peponi," aliwaambia jirani zake, "atauliza kwanza nani aliyemfungulia mlango, na ana nia gani."

Wala si kwamba alizaliwa hivyo. Kwao ni Magarini, babake mkulima wa mahindi na mihogo, mtu mpole, ambaye siku moja alitia dole gumba kwenye karatasi aliyoambiwa ni orodha ya chakula cha msaada. Miezi miwili baadaye likaja trekta, kumbe alikuwa ameuza shamba. Nyale alikuwa na miaka kumi na sita. Alisimama na nduguye mdogo, Nzai, aliyemfika kiunoni, wakitazama mikorosho yao ikiangushwa mmoja mmoja. Tangu siku hiyo hakuamini makaratasi, wala watu wenye makaratasi, wala watu wanaocheka na watu wenye makaratasi. Akateremka pwani, akajifunza kuogelea ndevu zishaota, akapata kazi kwenye kituo kimoja cha uzamiaji huko Malindi. Alianza kwa kubeba mitungi ya hewa, akaishia kuwaongoza wageni chini ya maji kwenye matumbawe. Nzai alipokua, akamleta na yeye.

Sasa hapa kwa Nzai ndipo pa kusikiliza, maana bila hapa utamwona Nyale ni mtu wa visirani tu.

Nzai alikufa miaka kumi na mmoja iliyopita, naye ana ishirini na mitatu. Alitumwa chini kufungua kamba ya nanga iliyokwama kwenye jiwe, karibu kabisa na ufuo, kazi ya dakika tano. Zilipopita, Nyale aliona mapovu yamekatika juu ya maji. Akajitupa bila mtungi. Alimkuta kamba imemzinga mkono na kidude cha kuvutia hewa kimemtoka mdomoni. Akamkokota mpaka mchangani, watu wakajaa, ikatafutwa pikapu, na hospitali walipofika wakaambiwa mgonjwa amekwisha. Matangani wanawake wakaanza kunong'ona lile neno letu tunalolijua sote, kwamba hapa pana mkono wa mtu. Nyale hakungoja aambiwe mara ya pili. Mkono wenyewe aliujua ni wa nani.

Ulikuwa wa Thuku, mjaza mitungi. Thuku ni mtu wa bara, kutoka Murang'a, mnene, mkimya, mikono yake siku zote yanuka grisi. Nyale alishikilia kwamba Thuku, kwa uvivu wake, aliiweka mashine ya kujazia hewa karibu na moshi wa jenereta, Nzai akavuta sumu na akili zikampotea huko chini. Na alikuwa na ushahidi wake. "Nilimtoa hai!" alisema mbele ya jamaa wote. "Niliweka mkono kifuani, moyo wadunda! Maji hayakumuua. Kilichomuua ni kile alichokivuta." Mtungi ukapelekwa kupimwa, majibu yakaja kwamba hewa ni safi. Nyale akasema wapimaji na Thuku wamekula njama moja.

Basi, miaka kumi na mmoja wanaume hawa wawili wakafanya kazi kwenye ua mmoja bila salamu. Nawe wajua kwetu kunyimana salamu ni jambo gani. Mwaka wa kwanza Thuku alijaribu "habari ya asubuhi," akawa kama anayesemesha ukuta, akaacha. Nyale kila asubuhi alifungua kila mtungi kidogo, akainamisha pua, akanusa, na alifanya hivyo Thuku akiwa pale pale, makusudi ili aone. Ikimlazimu kusema, alisema na hewa: "Mwambieni huyo, mtungi wa tano haujajaa." Na huyo mwenyewe yuko hatua mbili, anasikia kila neno.

Nzai aliacha mtoto wa miezi minne, msichana, Kadii. Mamake aliporudi kwao na kuolewa upya, Nyale na Sidi wakamchukua, wakamlea pamoja na watoto wao. Kadii alikua akijua mambo mawili kuhusu babake mzazi: kwamba alikuwa na mwanya kama huu wake, na kwamba aliuawa na Thuku. Akimwona Thuku sokoni alivuka barabara na kutema mate kando. Nyale aliona, na hakumkataza.

Mwaka huu kituo kikapata meneja mpya, mwanamke aitwaye Caroline, mwenye maneno machache. Aliwaita wote. "Kuanzia msimu ujao, anayeongoza wageni chini ya maji awe amefuzu mafunzo ya uokoaji," akasema. "Na kwenye mafunzo ya uokoaji hupokelewi bila cheti cha huduma ya kwanza na kufufua moyo, tena kisiwe kimepita miezi ishirini na minne. Cheti kinasomewa Ijumaa na Jumamosi. Uokoaji unaanza Jumatatu. Asiye na cheti atabaki huku juu, kwenye kujaza mitungi."

Kwenye mitungi! Yaani chini ya Thuku, amtume lete hiki, peleka kile! Nyale alirudi nyumbani jasho lamtoka.

"Hapa pana namna," alimwambia Sidi. "Mbona ishirini na minne? Mbona si thelathini? Mtu akishajua kuokoa, miezi ndiyo itamnyang'anya? Huyu mama ana mtu wake wa kumtia mahali pangu."

"Watu husahau, Nyale. Wewe mwenyewe mwezi aliozaliwa mwanao wa pili huujui."

"Hilo silo tunalozungumza."

"Basi nenda ukakipate hicho cheti, huyo mtu wake akose pa kukaa."

Ijumaa akaenda. Masomo yalikuwa kwenye ukumbi wa kanisa moja pale mjini, watu wanane, viti vya plastiki, na mwalimu wao muuguzi wa Kikamba, Ndinda, ambaye kila mtu alimwita Sista. Nyale aliingia, akatafuta kiti cha karibu na mlango kama kawaida yake, na alipogeuka nyuma, lo! Thuku huyo, amekaa safu ya mwisho na daftari magotini.

Thuku haongozi wageni. Thuku hata kuogelea haogelei, akiingia baharini ni mpaka kwenye magoti. Cheti cha nini? "Huyu ana lake jambo," Nyale akajisemea. Kwa nafsi yake alishaamua kwamba Thuku ametumwa na Caroline kuja kumtazama akianguka mtihani, ili Jumatatu asubuhi amkabidhi ufagio wa chumba cha mashine. Akavuta kiti pembeni apate kumwona kwa jicho moja na mwalimu kwa jicho la pili.

Asubuhi ilikwenda salama. Kufunga jeraha, kuzuia damu, kumlaza kwa ubavu aliyezimia, yote hayo mikono ya Nyale iliyashika upesi. Baada ya chai, Sista Ndinda akatandika mkeka na kuleta midoli miwili ya mpira. Ilikuwa na kichwa, shingo na kifua, ikaishia kiunoni.

"Haya, tuje kwa maji," akasema Sista. "Bwana Nyale, wewe ndio mzoefu hapa. Huyu umemtoa baharini sasa hivi, hapumui. Hebu tuonyeshe."

Nyale akasimama. Akamzunguka mdoli mara moja. Akamzunguka tena.

"Miguu yake iko wapi?"

"Unataka miguu ya nini?"

"Nimtapishe maji. Mtu hana miguu, nitamning'iniza vipi?"

Na darasa zima likaitikia. Ndiyo, jamani, miguu iko wapi? Nahodha mmoja wa boti akaeleza kwa mikono: wamshika miguu, watu wawili, kichwa chini, wamtikisa mpaka maji yote yatoke, halafu wamlaza tumbo juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wakandamiza. Nani asiyejua hivyo? Tangu utotoni kila mtu wa ufuo amekwisha kusikia watu wakipiga kelele, "Mtapisheni! Mtapisheni maji!" Nyale akaona sasa mtego ameushika mkononi. "Mwaona?" akawaambia wenzake. "Watuletea mtu nusu, kisha waandike kwamba tumeshindwa."

Sista Ndinda hakucheka, wala hakukasirika. Alipiga magoti kando ya mdoli.

"Hana miguu kwa sababu miguu haina kazi hapa," akasema. "Hayo maji mnayoyaona yakimwagika ni ya tumboni. Ukiyapandisha yanamwingia kwenye njia ya hewa, unamziba zaidi. Huyu anachokosa ni pumzi. Kila sekunde umemning'iniza, hiyo ni sekunde hapati pumzi. Mlaze chali. Inua kidevu. Ziba pua, mpulizie. Kisha bonyeza kifua mara thelathini, pumzi mbili, usiache."

"Sista, samahani," akasema Nyale, "huko kwenu Machakos bahari iko upande gani?"

Watu wakacheka, na Nyale akapata nguvu. "Mie nimewatoa watu maji kwa mikono hii. Kuna mtoto pale Mayungu nilimning'iniza, akatapika, akalia, leo yuko sekondari."

"Huyo alikuwa bado anapumua, na mimi namshukuru Mungu kwa ajili yake," akasema Sista. "Na wale ambao hawakulia?"

Nyale akarudi kitini, akaangalia yule mdoli. Alipouliza tena sauti ilikuwa nyingine.

"Na kama moyo wadunda? Umeweka mkono, wausikia wadunda, ila hapumui?"

"Huyo ndiye mwenye nafasi kubwa. Huyo kifua usimbonyeze, mpulizie tu, pumzi moja kila sekunde tano au sita, mpaka avute mwenyewe au mfike hospitali. Siwezi kukuahidi ataishi. Lakini nafasi anayo."

"Na asipopuliziwa?"

"Moyo nao utasimama. Ni dakika chache tu, Bwana Nyale."

Dakika chache! Nyale alihesabu, hakutaka lakini alihesabu. Pikapu ilifuatwa mpaka kituo cha petroli barabara kuu, ikaja, ikakwama mchangani, ikasukumwa. Robo saa, kama si zaidi. Na robo saa hiyo yote Nzai alikuwa kichwa chini. Maji yalitoka, na ugali wa asubuhi ukatoka, watu wakashangilia, "Yatoka! Yatoka!" naye akazidi kutikisa. Yeye alishika mguu wa kulia. Wa kushoto alishika nani? Kitu hicho hakukifikiria miaka kumi na mmoja, na sasa kilimjia wazi, pamoja na ile harufu ya grisi.

Akageuka. Darasa zima lilikuwa likinong'onezana kwa mshangao, huyu akisema walimtapisha mjomba wake, yule akisema jirani. Thuku peke yake hakushangaa. Alikuwa anatazama sakafu, kama mtu anayesikiliza habari ya msiba alioujua zamani. Kwa mtu kama Nyale hilo lilitosha: huyu alishajua.

Usiku wake tusiuzungumze. Jumamosi asubuhi Sista Ndinda akasema kabla ya mtihani wa vitendo angetaka mmoja awaonyeshe wenzake. "Mzee Thuku, njoo. Huyu msimwone mgeni," akawaambia, "nilimfundisha mara ya kwanza miaka minne iliyopita. Cheti kikiisha muda anarudi. Hii ni mara ya tatu, na hakuna mtu anamlazimisha." Thuku akapiga magoti kwa shida, mtu mnene, na mikono ile ikafanya kazi bila kusita, akihesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, mpaka thelathini.

Miaka minne. Nyale alipigwa na hasira iliyomtia kizunguzungu. Miaka minne mtu huyu anajua, na kila asubuhi anamtazama akinusa mitungi kama mbwa! Walipopewa nafasi ya kupumua, alimfuata nje, akamkuta kwenye bomba ananawa.

"Wee Thuku. Ulijua."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza tangu mazishi. Thuku alifunga bomba kwanza.

"Nilijua."

"Miaka minne! Wanitazama, wanicheka moyoni mwako, wasema mpumbavu huyu!"

"Mimi sijawahi kukucheka, Nyale." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Siku hiyo nilitoka darasani nikapanda boda mpaka kwenu Mayungu, nikuambie. Nilifika mpaka kwa ua. Nikasikia unaambia Kadii vile mimi niliua baba yake. Alikuwa mdogo, miaka saba hivi. Nikasimama hapo nje nikafikiria. Nikasema, huyu mtu sasa ako na mimi wa kuchukia. Nikiingia nimwambie, atabaki na nani?"

Thuku akajijibu mwenyewe.

"Atabaki na yeye mwenyewe. Nikarudi na boda ile ile."

Nyale akamtazama usoni, akamtazama mikono, akayapitia yale maneno moja moja kutafuta wapi pamefichwa hila. Maisha yake yote hajawahi kuikosa. Alitafuta, alitafuta, hakuiona.

"Na huo mguu wa pili," akasema.

"Wa kushoto ulikuwa mikononi mwangu. Huo sikuachii peke yako."

Hapo Nyale alikaa chini kwenye saruji, pale pale penye maji, suruali ikalowa, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Alimlilia Nzai upya. Watu wakachungulia mlangoni. Thuku hakumgusa wala hakumwambia nyamaza. Alisogea tu akasimama kati yake na mlango, na unene wake wote, ili wasimwone.

Mtihani wakaufanya pamoja, Sista aliwapanga hivyo bila kujua. Mmoja alibonyeza, mmoja alipulizia, kila dakika mbili wakabadilishana. Nyale alibonyeza mpaka mabega yakamuuma, na Sista alipomwambia inatosha, umefaulu, aliendelea mara tano zaidi ndipo akasikia. Cheti akapewa, jina lake limeandikwa sawa, na siku ya kuisha chini yake.

Aliwakuta Sidi na Kadii uani wanachambua mchicha, jua bado li juu. Cheti kilikuwa mfukoni, hakukitoa. Akakalia gogo.

"Kadii, nina neno nawe. Thuku hakumuua babako."

Mkono wa Sidi ukasimama kwenye ungo. Kadii akainua uso.

"Si wewe uliyesema?"

"Nilisema mie."

"Basi ni nani?"

Angeweza kusema kamba. Angeweza kusema bahari, au ni Mulungu aliyempenda zaidi, na mtoto wa miaka kumi na mmoja angekubali, na yeye Jumatatu angekwenda zake kwenye uokoaji wake na cheti chake.

"Nilimtoa majini moyo wake wadunda. Mtu wa hivyo hupuliziwa pumzi. Mie sikujua, nikamshika mguu nikamning'iniza, nikamtikisa, mpaka ukasimama. Thuku alinisaidia kushika tu. Lakini aliyesema ashikwe ni mie, na aliyekataa awekwe chini ni mie. Ni mie, mwanangu."

"Hakukusudia, Kadii," Sidi akadakia haraka. "Kutojua huko. Mtu yeyote hapa angefanya hivyo hivyo, hata mimi."

Kadii hakulia. Alimtazama Nyale usoni, akamtazama mikono. Kisha akaubeba ungo wa mchicha akaingia nao jikoni. Jumapili nzima hakusema na mtu, na Nyale hakuthubutu kumsemesha.

Tangu alipojua kutamka, Kadii alimwita Nyale baba, na nyumbani hakuna aliyemfundisha neno jingine. Jumatatu asubuhi, Nyale akiwa kibarazani anafunga kamba za viatu kwenda kwenye siku ya kwanza ya uokoaji, mtoto alimletea kikombe, akakishika kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akakiweka juu ya kigoda.

"Chai yako, baba mkubwa," akasema.